Goli Lililolala Nje

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumapili, kiwanja kilikuwa na goli moja.

Lilikuwa limesimama peke yake upande wa shule, jeupe, na wavu wake. Upande wa pili, mbele ya safu ya nyumba za watu, palikuwa na mstari wa chokaa, nyasi zilizokanyagwa, na hewa.

“Jana jioni lilikuwepo,” alisema Kocha. “Wavu nimeufunga mimi, kwa mikono hii.”

Aliionyesha. Siku za kazi Kocha alikuwa muuza nyama, na mikono hiyo ilipasua mifupa bila wasiwasi. Asubuhi hii haikuwa na cha kushika.

Inspekta alipiga picha mbili za mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye sifa ya kutoamini jambo mpaka aliguse. Kuhusu mpira alijua kwamba ni wa duara.

“Hamwezi kucheza na hilo lililobaki?” aliuliza.

Nyuma yake Koplo alikohoa, kama mtu aliyemsikia mkwe wake akitamka jambo la aibu mbele ya wageni.

“Afande,” alinong’ona, “yanatakiwa mawili.”

“Najua yanatakiwa mawili. Nauliza kama ni lazima.”

“Mama,” Kocha alisema kwa upole wa mtu aliyefiwa, “hii si mechi ya kirafiki. Ni ya mwisho ya ligi. Tunaanza saa nne. Tukipata sare tu, tumebaki. Tukipoteza tunashuka, na timu ya mtaa ikishuka haipandi tena, inakufa. Vijana watatawanyika kila mtu kivyake. Kiwanja chenyewe kesho kinaanza kuchimbwa, wanajenga ghala. Ligi ndiyo imebaki kutushika pamoja.”

“Una maadui?”

“Mimi ni kocha.”

Inspekta aliandika: *wengi*.

Alichuchumaa kwenye eneo la tukio. Goli lilikuwa la mabomba matatu ya chuma: nguzo mbili zilizochomekwa kwenye mabomba mafupi yaliyozikwa ardhini na kukazwa kwa nati, na mtambaapanya uliounganishwa juu yake. Mwizi hakukata chochote. Alifungua. Midomo ya mabomba ya chini ilikuwa imezibwa kwa vitambaa, na juu ya kila mmoja palikuwa na ubao uliokandamizwa kwa jiwe, ili mtu asije akatumbukiza mguu. Nati zilikuwa ndani ya kopo la rangi, zimepakwa grisi. Wavu ulikuwa umekunjwa pembe kwa pembe kama shuka la hospitali, ukaning’inizwa kwenye goli la pili, juu, ambako mbuzi hawafiki.

“Mwizi mwenye malezi,” alisema Koplo.

“Mwizi wa chuma angekata,” Inspekta alisema. “Adui angechana wavu. Huyu anategemea kulirudisha. Na anajua kazi ya mabomba.”

Kwenye umande palikuwa na mfuo mmoja mrefu, ukienda kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba. Pembeni yake kulikuwa na nyayo za watu wawili. Mmoja alikuwa na hatua ndefu, mwingine za kukimbilia. Ncha ya mbele ya mzigo ilibebwa juu; ya nyuma ilikuwa ikiburuzwa.

“Mmoja mrefu, mmoja mfupi,” alisema Inspekta. “Mfupi alikuwa nyuma, na alichoka mapema.”

Kwa kuwa sheria za kazi zinataka kila njia ipitiwe, walianza na muuza vyuma chakavu, ambaye banda lake lilitazamana na lango la kiwanja. Walimkuta akipiga mswaki.

“Umenunua bomba lolote tangu jana?”

“Nimenunua.”

“La goli?”

Alitema povu. “Mama, mimi ninanunua mageti ya watu waliogombana na wake zao. Nimenunua kengele ya shule. Goli sinunui. Geti lina mwenyewe mmoja, ninaweza kumkimbia. Goli lina mashabiki. Nitakimbilia wapi?”

“Umesikia kitu alfajiri?”

“Nilisikia mtu anasema, ‘Taratibu, baba, usijigonge.’ Nikajua si wezi. Wezi hawana adabu hiyo.”

Inspekta aliandika neno *baba* na kulipigia mstari.

Waliporudi, kiwanja kilikuwa kimejaa. Wachezaji wa pande zote mbili, wake zao, wauza karanga, na watu wasio na kazi maalumu, kila mmoja akiwa na maoni. Kamisaa wa mechi alikuwa amefika pia: mtu mfupi aliyebeba kanuni za ligi kwapani kama mkate.

“Saa nne kamili,” alitangaza, “ninataka magoli mawili. Sitaki maelezo.”

Kila aliyefika alimwuliza Inspekta swali lile lile. Goli liko wapi? Nani kachukua? Litapatikana? Kipa wa wenyeji aliuliza mara tatu, ingawa Koplo alidai kwamba kwa kipa yule goli likikosekana ni nafuu.

Ndipo Inspekta akamwona mzee mmoja mfupi akiuzunguka uwanja, peke yake, polepole, akiufuata mstari wa chokaa bila kuukanyaga. Alikuwa amevaa koti la mvua lililofungwa vifungo mpaka kidevuni. Mbingu ilikuwa kavu kama sahani iliyofutwa.

“Nani yule?”

Uso wa Kocha ulibadilika. “Jirani yangu. Nyumba yake ile ya bati jekundu, inapakana na kona yetu. Tunamwita Mzee Raundi. Kazi yake ni kutembelea viwanja. Ligi nzima kaizunguka, kiwanja kimoja baada ya kingine, kila Jumapili anapanda basi na begi lake kwenda kutazama mechi za watu. Na kila kiwanja lazima akizunguke kwanza, kama anakinunua.”

“Na hapa kwako?”

“Hapa? Anatutazama kwa juu ya ukuta akianika soksi. Mechi hata moja hajaja! Mimi namsalimia kwa ajili ya ujirani tu.”

“Leo amekuja.”

“Leo amekuja,” Kocha alikubali, akimfuata kwa macho. “Kweli, leo amekuja.”

Inspekta alimsubiri mzee huyo amalize mzunguko wake. Chini ya koti la mvua ilionekana suruali yenye mkunjo wa kukata karatasi, na viatu vipya vya ngozi vilivyolowa umande.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti.”

“Ninaambiwa unapenda viwanja.”

“Sana.” Macho yake yaling’aa. “Vyote vya ligi hii nimeviona, isipokuwa hiki. Na kuona si kupita njiani. Mimi kiwanja sikihesabu mpaka nimesimama pale tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukichelewa dakika moja, hujafika.”

“Na hiki kiko nyuma ya nyumba yako.”

“Nilikuwa nakiweka. Mtu akila wali hamalizi nyama kwanza.”

Kocha, aliyekuwa akisikiliza, alivua kofia akaivaa tena. Hakujua kama ametukanwa au amesifiwa.

“Ulikuwa ukifanya kazi gani?” Inspekta aliuliza.

“Fundi bomba. Nimestaafu.”

“Unaishi na nani?”

“Na binti yangu.” Mzee alilegeza kidogo kifungo cha juu, akaonekana kama mtu mwenye haraka anayejizuia. “Samahani, mechi hii, sasa... imeahirishwa, siyo? Ni kesho? Kesho jioni ingefaa sana. Ningewaomba mafundi wa ghala wasubiri kidogo.”

“Nani kakwambia imeahirishwa?”

“Hakuna. Nauliza tu.”

Inspekta alifunga kitabu chake. Asubuhi nzima watu zaidi ya hamsini walimwuliza goli liko wapi. Huyu peke yake hakutaka kujua.

“Kamisaa,” aliita, “naomba useme kanuni. Kwa sauti.”

Kamisaa hakuhitaji kufunua karatasi. Alikuwa amesubiri maisha yake yote kuombwa hivyo. “Mwenyeji asipokuwa na magoli mawili kamili kwa muda uliopangwa, amefungwa tatu bila. Mechi haitachezwa.”

“Haitachezwa leo,” alisema Mzee Raundi.

“Haitachezwa leo, kesho, hapa wala popote.”

“Hapana!” Mzee alimgeukia kwa hasira ya mtaalamu. “Inaahirishwa kwa siku moja! Nilikuwepo! Kule kwenye kiwanja cha kiwanda cha sabuni goli lilianguka, wakacheza kesho yake. Nilirudi mwenyewe!”

“Lile liliangushwa na upepo,” Kamisaa alisema. “Upepo hauna timu, mzee wangu. Huu ni uzembe wa mwenyeji. Tatu bila, na wanashuka.”

Mzee Raundi alikaa chini. Hakutafuta pa kukaa. Alikaa tu, kwenye umande, na suruali yake yenye mkunjo. Aliwatazama vijana waliokuwa wakivaa soksi zao kimyakimya, kisha Kocha, kisha lile goli moja.

“Fungua koti, mzee,” alisema Inspekta.

Ndani yake palikuwa na suti ya kijivu, na kifuani ua jeupe.

“Unaozesha?”

“Binti yangu.”

“Saa ngapi?”

“Saa nne.”

Kocha alielewa kwa awamu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. “Umeniibia goli?”

“Sijaiba, jirani. Nimeazima.”

“Kuazima bila kuomba kuna jina lake,” alisema Inspekta, “na kuna kifungu chake. Kuanzia sasa uko chini ya ulinzi. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa ushahidi. Goli liko wapi?”

Mzee alitazama bati jekundu ng’ambo ya ukuta. “Linatumika,” alisema.

Uani palikuwa na viti vya kukodi, mashangazi wa kutosha kuendesha wizara, na turubai la rangi ya maziwa lililotandazwa juu ya yote. Turubai lilibebwa katikati na nguzo mbili nyeupe na boriti nyeupe iliyonyooka kama rula. Zote tatu zilikuwa zimeviringishiwa utepe wa waridi. Penye kona ya juu, ambako washambuliaji huota kupiga, palining’inia puto.

Koplo alivua kofia. “Limependeza,” alikiri.

“Bomba la urefu ule utalificha wapi?” Mzee Raundi aliuliza kwa unyonge. “Chini ya kitanda halikuingia. Nilijaribu.”

“Nani alikusaidia?”

Hakukuwa na haja ya jibu. Kijana mmoja mrefu mno, mwenye suti inayomwacha vifundo vya mikono nje, alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume kuelekea jikoni.

“Wewe,” alisema Inspekta. “Bwana harusi?”

“Ndiyo, afande.”

“Ulibeba goli la watu alfajiri ya leo?”

“Mimi nilikuwa mbele tu, afande.”

“Hukuuliza ni la nini?”

“Baba mkwe kaja kugonga dirishani kwangu, afande, hajanisemesha hata siku moja tangu nijitambulishe. Kasema, ‘Njoo unisaidie kubeba kitu.’ Nilidhani wananipima nguvu.”

“Na ulipoona ni goli?”

Kijana alifikiri kwa uaminifu. “Nilisema moyoni, kila ukoo una mambo yake.”

Shangazi mmoja aliangua kicheko, akakimeza haraka, kwa sababu mlango wa nyumba ulikuwa umefunguliwa. Bibi harusi alisimama kizingitini. Gauni lilikuwa tayari. Jicho moja lilikuwa limepakwa wanja na jingine bado.

“Baba,” alisema.

Mzee Raundi alijaribu kuficha ua lake kwa kiganja.

Binti aliangalia sare za polisi, akamwangalia Kocha aliyesimama getini na kofia mkononi, kisha akainua macho kwenye boriti. Alikuwa muuguzi wa wodi ya dharura. Hakuhitaji mambo kuelezwa mara mbili.

“Mechi ni leo,” alisema polepole. “Waliibadilisha siku.”

“Ilikuwa Jumamosi,” mzee alisema. “Wiki hii ndiyo wameisogeza. Kamisaa huyo huyo. Jumamosi nilikuwa nimejipanga vizuri kabisa.”

“Nilikwambia nini, baba?”

Mzee alitazama viatu vyake.

“Waambie polisi nilikwambia nini.”

“Alisema,” mzee aliliambia daftari la Inspekta, “nisipoonekana saa nne harusini, nisimtafute tena maisha yake yote.”

“Unajua kwa nini nilisema hivyo, mama?” Binti alimgeukia Inspekta. “Siku ya mahafali yangu alikuwa kwenye kiwanja cha kiwanda cha sabuni. Goli likaanguka. Sherehe zetu zilikuwa za siku mbili. Nikasema basi, kesho atakuja. Kesho akarudi kiwanda cha sabuni!”

“Ilikuwa moja moja mpaka dakika ya mwisho,” mzee alinong’ona.

“Baba!”

“Samahani.”

Kocha alisogea hatua moja. Mtu mwenye sauti ya kuuzia nyama soko zima alizungumza kama yuko msibani.

“Bibi harusi, mimi siku hii sitaki kukuharibia. Hata kidogo. Lakini nina vijana ishirini pale nje. Wengine walikuwa wanalala vibandani kabla ya kuja kwangu. Nikishuka leo, kesho sina cha kuwaambia waamke. Goli hilo nililinunulia mabomba kwa kuuza pikipiki yangu. Nakuomba.”

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Kisheria goli hilo lilikuwa kielelezo chake, na angeweza kuamuru kishushwe. Kwa sababu ambayo hakuiandika popote, alisubiri.

Binti alilitazama turubai lake, viti vyake, utepe wake wa waridi.

“Lichukueni,” alisema. “Upande mmoja fungeni kamba kwenye nondo za dirisha.”

“Na upande huu?” shangazi mmoja alilalamika. “Litatuangukia!”

“Upande huu lishikwe na aliyelitundika.”

Mabomba yalishuka kwa dakika chache. Bwana harusi alishika mbele bila kuombwa, na safari hii kipa, aliyeitwa kutoka kiwanjani, ndiye aliyeshika nyuma. Utepe haukuwahi kutolewa. Goli lilivuka uchochoro likipepea kama bibi harusi wa pili. Koplo aliomba ruhusa ya kulisindikiza, kwa ajili ya usalama wa kielelezo, alivyosema. Inspekta alimruhusu, akabaki na mtuhumiwa.

Mtuhumiwa alikuwa amepewa ufagio mrefu wa kuondolea utando wa buibui. Alisimama kwenye kona ya turubai, mikono yote miwili juu, akiunyanyua ufagio, na turubai juu ya ufagio, na jua likimpiga usoni.

Bwana harusi alirudi akihema, na chokaa mabegani. Mfungishaji ndoa alifungua kitabu chake.

Nyuma ya ukuta ililia filimbi ya kwanza.

Mzee alifumba macho. Ufagio uliyumba, kisha ukatulia.

“Maswali mawili ya mwisho,” Inspekta alisema kwa sauti ya chini. “Ulijua kuondoa goli kungeiletea timu ile madhara gani?”

“Sikujua. Kwa haki ya Mungu, nilidhani wangecheza kesho. Nilichukua tahadhari zote. Nati nimezipaka grisi.”

“Nimeziona. Kwa nini hukuchagua tu, mzee? Harusi au mpira.”

Mzee aliunyanyua ufagio kidogo, turubai likanyooka.

“Mama yake alipofariki,” alisema, “nyumba ilikuwa kimya mno Jumapili. Yeye alikuwa bwenini. Nikaanza kutoka. Kiwanjani hakuna anayekuuliza habari, unasimama na watu, mnakasirika pamoja, mnarudi. Nikavizoea. Yeye aliporudi, mimi nilikuwa sipo.” Alimeza mate. “Sasa anaondoka, na kiwanja cha mwisho kinaondoka, siku moja, saa moja. Kila nikichagua hukosea. Nikaona safari hii nisichague. Niondoe goli.”

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

“Baba wa bibi harusi yupo?” aliuliza mfungishaji ndoa.

“Nipo,” alisema ufagio.

Watu walicheka, na binti pia, kwanza kwa jicho lile lenye wanja. Wakati wa kutia sahihi, kelele zilipasuka nyuma ya ukuta. Goli lilikuwa limeingia, la nani haikujulikana. Wageni wote waligeuka, pamoja na mfungishaji ndoa, pamoja na Inspekta. Mzee Raundi hakugeuka. Alikuwa akitazama kalamu ya bintiye.

Mambo yalipokwisha, binti alimjia. “Baba, kimebaki kipindi cha pili. Nenda. Huyu mama atakupeleka.”

“Nusu haihesabiki,” alisema mzee. “Kula keki yako.”

Alibaki. Keki ililiwa chini ya makwapa yake, kama alivyosema shangazi mmoja, na hotuba tatu zilisomwa, ya pili ndefu kuliko ilivyostahili. Filimbi ya mwisho ililia. Simu ya upepo ya Inspekta ilikwaruza.

“Sare, afande!” Koplo alipiga kelele, na nyuma yake watu waliimba bila mpangilio. “Moja moja! Wamebaki ligini! Kocha anamkumbatia Kamisaa, Kamisaa hataki!”

“Umesikia?” Inspekta alimwuliza mtuhumiwa.

“Nimesikia.”

Inspekta alitoa pingu. Mzee alitazama juu, akatafuta pa kuuegemeza ufagio, asipate. Mkono wenye hina ya jana na pete ya leo ulipita mbele yake ukaushika mpini.

Mzee Raundi alishusha mikono, akainyoosha mbele. Bibi harusi alikuwa ameshika kona ya turubai.